Pazia la Basi Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 25 Agosti

Daftari hili kanipa Linus, msimamizi wetu wa mabasi, Mkenya mrefu anayetembea kama kaibiwa kitu. Tulikuwa na semina siku mbili, sisi kina mama tunaokaa na watoto ndani ya mabasi ya skuli. Tumefundishwa habari ya watoto kuoneana, jinsi inavyoanza kidogokidogo na jinsi mtu mzima asivyoiona. Mwisho tukaambiwa kila mmoja aandike. "Mathe, andika ulichoona," Linus kaniambia, "usiandike unachofikiria." Nikamwambia mie Unguja nimeishia darasa la tano, Kiingereza changu cha sokoni. Kasema andika Kiswahili, mwisho wa mwezi utanisomea ya muhimu.

Sasa nisipoandika ninavyofikiria n'taandika nini. Watoto wamepanda, watoto wameshuka.

Basi letu namba kumi na nne. Dereva Matia, Mganda, mtu wa kanisa, hasemi. Mie nasema kwa niaba yetu wawili. Tunaanzia Satwa, hapa Dubai, tunapita majumba ya Al Wasl, tunamalizia skuli Al Quoz. Watoto thelathini. Joto la leo, ukishika chuma cha mlango unaacha ngozi.

Jumatano, 27 Agosti

Joto. Mmoja katapika, nimefuta mie.

Jumatatu, 1 Septemba

Tumepata mtoto mpya hapa Satwa, anaitwa Lamees, darasa la tano, mwembamba, macho makubwa. Kaletwa kituoni na mama yake, Fauziya. Kufungua mdomo tu nikajua Mpemba. Nikamwambia, "Wa wapi, Wete?" Kasema, "Chake, bibi." Basi tukawa ndugu hapo hapo.

Anafanya kazi ya kufua kwenye hoteli moja Garhoud. Basi letu linafika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, gari la hoteli linamchukua yeye saa kumi na mbili kamili. Baba wa mtoto kaondoka, hajulikani Muscat hajulikani wapi. Fauziya kanishika mkono kasema, "Bi Tufaha, hili basi ndo roho yangu. Mtoto asipopanda, mie sina wa kumpeleka skuli. Itabidi nimrudishe Chake kwa dada yangu, na mie nibaki huku peke yangu."

Nikamwambia mtoto kafika mikononi mwangu, aende kazini roho yake tulivu.

Jumanne, 9 Septemba

Fauziya mzungumzaji ukimchokoa. Asubuhi hizi zote tunapata dakika tano sita, na leo kanieleza wanavyokaa. Chumba kimoja kimegawiwa kwa mbao na pazia, upande huu yeye na mwanawe, upande ule wasichana watatu wa kazi. Mtoto anaandika kazi za skuli kitandani, daftari kalilaza juu ya mto. Kasema, "Usimwambie mtu, bibi, naona haya." Nikasema mie kaburi.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo nimefanya jambo jema. Tuna grupu letu la simu, wanawake wa kwetu Unguja tulioko Dubai, tuko mia na kitu. Nikarekodi voisi kuuliza nani ana meza ya kusomea isiyotumika, kuna mtoto wa Kipemba anaandika kitandani nyuma ya pazia. Jina sikulitaja. Nimesema tu ni mtoto wa basini kwangu. Nikaitia chumvi kidogo, nikamuigiza mama mtu na Kipemba chake, maana ukiomba kitu kikavu watu hawakusikilizi. Voisi haijamaliza saa nzima, meza imepatikana. Kaitoa Mama Shadia wa Al Wasl, ambaye Shadia wake yumo humu humu basini, darasa la sita. Na wamecheka grupu zima, wamenitumia vile vikatuni vya machozi. Mume wangu Msellem, anayeshona nguo pale Satwa, kaniuliza nacheka nini peke yangu. Nikamwekea. Hakucheka. Msellem hachekagi.

Jumamosi, 13 Septemba

Meza imefika kwa Fauziya. Kalia kwa furaha. Nimemwambia katoa mtu wa kheri, basi.

Jumatatu, 22 Septemba

La kumsomea Linus. Watoto wa nyuma wana huruma na Lamees. Kila akikaa dirishani, Shadia na wenzake wawili wanamvutia pazia la basi jua lisimpige, asubuhi na mchana, wanacheka naye. Mtoto mgeni kapata wenzake. Nimefurahi.

Jumanne, 30 Septemba

Nimemsomea Linus. Kasema, "Poa sana, Mathe." Joto limepungua, ukiwa kivulini unaweza kupumua.

Jumanne, 7 Oktoba

Lamees asubuhi kashuka skuli nywele zimetoka nje ya mtandio, na mchana tukiwa njiani naona kitufe cha shati hakipo. Chakula chake karudi nacho. Nikasimama katikati ya basi nikauliza kwa sauti, "Lamees, nani kakufanya nini?" Basi zima likageuka. Mtoto kainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Nyuma nikasikia mtu anakohoa kile kikohozi cha kuzuia kicheko.

Asubuhi Fauziya kaniambia mtoto anaamka analia tumbo. "Akikataa basi, bibi, mie nimekwisha." Nikamwambia watoto ndo walivyo, wanazoeana.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimegundua ni Shadia anayemsumbua. Nikafanya kama tulivyofanyiwa sisi tukigombana kwetu: nikawakalisha kiti kimoja, nikawapatanisha, nikasema shikaneni mikono, ombaneni radhi. Wakashikana. Shadia kasema kwa adabu, "Samahani, Lamees." Ana sura ya kumpa sadaka. Nikawaacha pamoja wasafiri.

Khalas, yamekwisha. Likizo fupi inaanza, wakirudi watakuwa marafiki.

Jumanne, 21 Oktoba

Hayajakwisha.

Leo tumewashusha watoto skuli, nikakaa mbele kama kawaida yangu, namweleza Matia habari ya shemeji yangu wa Jang'ombe. Kakata maneno yangu. Matia, ambaye mwaka mzima hajanikata maneno.

"Mama, wewe unaongea mingi."

"Si nakuchangamsha."

"Wewe unaangalia mimi, watoto wanaangalia mgongo yako. Mimi niko na kioo. Ile mtoto wanamfinya. Tangu umewashikisha mikono wanamfinya zaidi, wanamwambia ameshtaki."

Nikamwambia mbona hata pazia wanamvutia jua lisimpige. Kanitazama kwenye hicho kioo chake.

"Jua gani? Tukienda asubuhi jua iko kushoto. Tukirudi mchana iko kushoto. Ile mtoto anakaa kulia."

Nimepanda basi hili miaka minne. Jua liko wapi sikuwahi kujiuliza.

Kwa hiyo pazia wanamfunika nalo. Wanamfunika uso, wanamwacha humo njia nzima, na mie nimemsomea Linus kuwa ni huruma.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimemganda Linus mpaka mapazia yote ya basi namba kumi na nne yametolewa. Kasema, "Mathe, lakini shida sio pazia." Nikasema toa kwanza.

Ijumaa, 24 Oktoba

Watoto wote wamelalamika jua. Shadia kavua sweta lake kamfunika Lamees kichwani.

Jumatatu, 27 Oktoba

Sweta nimelinyang'anya. Wakatumia begi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Begi nimekataza. Wakatumia mikono, wanapitisha kiganja mbele ya uso wake hivi, kama wanavuta kitu, halafu wanacheka. Sasa mikono n'taikataza vipi. Kisirani kimenishika, nimekwenda kununua vitunguu nimerudi bila vitunguu.

Jumanne, 4 Novemba

Fauziya leo hakuzungumza. Kampandisha mtoto, kaniambia tu, "Tiketi ya Zanzibar nimeshikiwa. Mitihani ikimalizika. Nampa mpaka wakati huo." Na Lamees kapita mbele yangu kama mtu anayeingia kwa daktari wa meno.

Nikamuuliza Fauziya kwani wanamwambia nini. Kasema mtoto haelezi. Usiku anamkumbatia tu anamwambia, "Mama, usinipeleke Chake. Na basi usinipandishe." Yote mawili hawezi kupata.

Jumatano, 5 Novemba

Leo n'taandika mpaka mkono uchoke.

Asubuhi sikukaa mbele. Nimekwenda nyuma, kiti cha mwisho kabisa, nikajidai nafunga kamba ya kiatu, nimeinama. Tulipotoka Al Wasl wakasahau kama nipo. Lamees kakaa kulia dirishani, peke yake, begi kalipakata. Shadia kapiga magoti kwenye kiti cha mbele yake, kamgeukia. Kapitisha kiganja. Halafu kaanza, kwa Kiswahili, na sauti kaivuta:

"Miye na mwanangu twalala nyuma ya paziaa. Jirani akipiga chafya, sie twasema yarhamukallah."

Wenzake, mmoja Mhindi mmoja Msudani, Kiswahili hawakijui hata neno, wanacheka sauti tu. Shadia karudia, "Nyuma ya paziaa." Kisha kwa Kiingereza, hilo nalo nimelielewa: "Na ile meza unayoandikia ni yangu. Niliibandika stika ya paka. Bado ipo?"

Lamees kasema polepole, "Nimeibandua."

Mie pale chini nimeiacha kamba ya kiatu. Maneno yale ya jirani kupiga chafya Fauziya hakuyasema. Fauziya kaniambia wanalala nyuma ya pazia, basi. La yarhamukallah nimelitunga mie. Nimelitunga jikoni kwangu, simu mkononi, kuwachekesha watu.

Nikanyanyuka, nikawatenganisha, Shadia nikamkalisha mbele nyuma ya Matia.  Matia kaniuliza kama naumwa.

Mchana, kabla hatujaondoka skuli, nikamshusha Shadia kando ya basi, tukasimama wawili kivulini.

"Shadia mwanangu, nani kakufundisha maneno yale?"

"Yapi, Bibi?"

"Ya pazia."

Kanitazama kama nimemuuliza jina lake. "Si wewe."

"Mie?"

"Ile voisi. Mama aliiweka jikoni, na khalati zangu, dada zake, walikuwepo. Walicheka mpaka Mama akairudia mara tatu. Akasema Bi Tufaha angewekwa kwenye televisheni." Halafu kaniuliza, na wallahi hakuwa na ubaya usoni, "Mimi ninakuigiza wewe tu. Si sawasawa?"

Anangoja nimsifu.

  Nikamuuliza, kwani wewe unaona Lamees anapenda. Kafikiri. Kasema, "Hapendi. Lakini yeye hasemi kitu." Kisha kasema, "Na nyinyi mlikuwa mnacheka."

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeisikiliza tena ile voisi. Dakika moja na sekunde arubaini. Meza imeombwa sekunde kumi. Hizo nyingine zote ni mie na Kipemba changu cha kujifanya, na mwisho nacheka mwenyewe. Nilikuwa nimejipenda sana siku ile.

Ijumaa, 7 Novemba

Lakini si mie niliyeiweka jikoni mbele ya mtoto. Mama Shadia mtu mzima, ana watu wawili wa kazi, ana mazulia mpaka ngazini, haoni kama mtoto kasimama pale anasikiliza? Na jina sikulitaja. Wao ndo waliojumlisha wakajua nani.

Jumamosi, 8 Novemba

Kwenye basi zima Mpemba mmoja. Jina la nini.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimetaka kumwambia Fauziya kituoni. Nimefungua mdomo nikamwambia baridi imeanza. Kasema kweli, imeanza.

Shadia nimemweka mbele sasa. Kwa hiyo wale wawili wa nyuma wanaendelea bila yeye, wameshajifunza.

Jumanne, 11 Novemba

Nimemwambia Msellem yote. Kaendelea kupinda pindo la kanzu ya mtu, sindano mdomoni. Kisha kaitoa sindano. "Siku ile uliponiwekea nilitaka kukwambia haipendezi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi."

Nimemkasirikia Msellem siku nzima, na hasira yenyewe najua si yake. Watu wangapi wamekaa kimya kwa sababu Tufaha anafurahi.

Alhamisi, 13 Novemba

Lamees hakuja. Fauziya hakuwepo kituoni. Matia kangoja dakika tatu, kapiga honi, hapana.

Ijumaa, 14 Novemba

Hakuja. Watoto thelathini na kiti kitupu upande wa kulia. Nyuma wamekuwa wakimya, hawana la kufanya.

Nimekwenda ofisini kwa Linus nikiwa na daftari hili. Nimemsomea kuanzia tarehe kumi na moja Septemba, yale niliyoyaruka. Nilipofika pa kuinama kiti cha nyuma nafunga kamba ya kiatu, nikageuza ukurasa nikaendelea mpaka mwisho. Linus hakunitania. Kasema, "Sasa Mathe, hii utaisema mwenyewe mbele yao ama niiseme mimi?" Nikasema n'taisema mie.

Jumanne, 18 Novemba

Tumekutana ofisini kwa Linus, wanne. Mama Shadia na abaya yake nzuri na udi unaotangulia mlangoni. Fauziya kaomba ruhusa kazini, kaja na sare ya hoteli, mikono imebabuka kwa sabuni. Hawa wawili hawajawahi kuonana. Mama Shadia kamwamkia vizuri, kamuuliza mtoto kaipenda meza. Hapo ndo Fauziya kajua meza imetoka wapi. Nikamwona anapiga hesabu usoni.

Linus kaeleza yaliyotokea basini. Mama Shadia kasema, "Bi Tufaha, watoto wanataniana. Sisi na Wapemba tumetaniana tangu bibi zetu, nani kafa?"

Nilikuwa nimepanga maneno. Nimeyapanga siku nne, naoga nayo, napika nayo. Yote yamenipotea. Nikatoa simu nikaiweka juu ya meza ya Linus nikaibonyeza.

Dakika moja na sekunde arubaini ni ndefu sana, sikujua. Hakuna aliyetikisika. Linus anaangalia kalamu. Sauti yangu inatoka pale mezani, inavuta maneno, inamfanya Fauziya chizi, inapiga chafya, inaitikia yarhamukallah. Halafu kile kicheko. Fauziya hakulia. Kaisikiliza kama mtu anayesikiliza tangazo la uwanja wa ndege asilolielewa vizuri. Ilipokwisha kasema, "Hivi ndivyo ninavyosema mie?"

Nikasema, "Hapana. Hivyo ndivyo nilivyokuigiza mie. Uliniambia nisimwambie mtu, nikawaambia watu mia. Shadia kanifuata mie."

Mama Shadia kavuta mtandio kausogeza mbele. Kisha kasema, polepole, bila kumtazama mtu, "Niliirudia mara tatu. Alikuwa amesimama pale kwenye friji."

Fauziya kaniambia, "Nilidhani u mtu wangu." Hilo tu. Kamgeukia Mama Shadia, "Meza njooni mwichukue."

Linus kamuuliza anataka nini kifanyike. Nikadhani atasema tiketi.  Kasema Shadia na wale wawili watenganishwe, wakae mbele, na watu wa skuli wazungumze nao mmoja mmoja, si kuwashikisha mikono. Mtoto atapanda tena Jumatatu. Akipanda mpaka skuli ifungwe bila kurudi analia, tiketi anairudisha. Akirudi analia siku moja, anaondoka.

"Na huyu bibi," kasema, "asiwepo."

Linus kanitazama. Nikasema sawa. Nilidhani n'tajitetea, nina miaka minne na basi lile, watoto wengine nimewapokea wakiwa hawajui kufunga mkanda. Nikasema sawa.

Jumatano, 19 Novemba

Nimerekodi voisi nyingine nikaituma kwenye grupu. Nimesema ile ya Septemba ifuteni, imemuumiza mtoto na aliyemuumiza ni mie, nyumbani mwenu msiicheze mbele ya watoto. Kwa sauti ya kawaida, bila chumvi. Watu watatu wamejibu na vile vikatuni vya kucheka. Wanadhani inakuja sehemu ya kuchekesha.

Jumatatu, 24 Novemba

Basi namba ishirini na mbili, njia ya Jebel Ali. Watoto arubaini, dereva Zadock, Mkenya, anazungumza kunishinda. Nimekaa nyuma kabisa. Naona vichwa vyote arubaini kutoka huku.

Kwenye namba kumi na nne kawekwa dada wa Kinepali. Kiswahili hajui. Nimemwona asubuhi kwenye maegesho anahesabu mikanda. Nilitaka kumwambia mtoto wa kulia dirishani mwangalie hivi na hivi. Linus kasimama pale. Nikapita.

Alhamisi, 27 Novemba

Ukungu. Mabasi yamechelewa yote. Sijui lolote.

Jumatano, 3 Desemba

Nilimkuta Mama Shadia dukani kwa Msellem, kaleta gauni lipunguzwe. Hakuniambia kitu cha watoto. Mie ulimi unaniwasha mpaka masikioni. Msellem kanipa kikombe cha chai nikishike kwa mikono miwili.

Kwenye basi langu kuna mtoto wa kiume anakaa kiti kimoja na begi lake kila siku. Nimeshamwandikia Linus. Nimeandika kiti, saa, na nani yuko mbele yake nani yuko nyuma. Mengine sikuandika.

Ijumaa, 5 Desemba

Skuli imefungwa leo. Mchana nimengoja kwenye maegesho mpaka namba kumi na nne imerudi tupu, Matia kashuka na ndoo yake na kitambaa.

"Matia, nakuuliza moja tu."

"Mama, moja yako najua."

"Kapanda siku zote?"

"Zote."

"Kalia?"

Kachovya kitambaa, kakikamua. "Hakulia. Mama yake leo amenisalimia. Amesema Januari tuonane."

Nimeshika ule mlango wa basi, chuma leo baridi, nikasimama pale. Januari. Sikuweza hata kusema alhamdulillah kwa sauti, nimeisema ndani.

"Anakaa na nani sasa? Shadia kamsemesha? Na meza, walikwenda kuichukua au—"

"Mama." Matia kapanda ngazi mbili, kaanza kufuta kioo chake. "Hiyo siyo habari yako."

Nilikuwa nimeshatoa simu, grupu nimeshalifungua, kidole kiko juu ya kile kipaza sauti. Nimeitazama kitambo. Nikairudisha kwenye pochi, nikamwomba Matia kitambaa kingine, nikamsaidia kufuta madirisha ya upande wa kulia.